Mapenzi yana kazi yake humo kaburini

Ndugu, umeuliza kwa nini wachezaji wa michezo ya kusoma na kuchagua, hii ya kuchimba makaburi ya kale, wanalilia kuwe na mpenzi ndani ya hadithi badala ya kufurahia uchimbaji. Tazama Infidel, mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu wa kampuni ya Infocom, 1983. Unaamka kambini, jangwani Misri. Vibarua wamekulevya wakakutoroka, kwa sababu uliwalazimisha kufanya kazi siku yao takatifu. Safari yenyewe umeianza kwa kumzunguka bosi wako. Unaingia piramidi peke yako, hakuna hata mtu mmoja wa kuongea naye. Kwenye kuta kuna maandishi ya kale yaliyoundwa kwa alama za kibodi, nyota na vistari, nawe unakisia kila moja ina maana gani. Hapo mchezo ni mtamu kwelikweli. Ila ukishafungua jeneza, unanaswa humo humo ufe. Huo ndio ushindi wenyewe!

Wachezaji wengi walikasirika. Kwangu mwisho ule ni wa haki, maana mtu yule hakumjali yeyote. Kilichokosekana ni mtu wa kumjali. Ndiyo maana siwalaumu wanaodai mapenzi: mwenzako akiwa chini ya kifusi na dhahabu iko mbele yako, uchaguzi unauma. Ninachoomba kwa waandishi ni huyo mpenzi awe na msimamo wake kuhusu mali ya kale, na avunje mapenzi ukiiba, hata kama umechagua majibu ya kumpendeza tangu mwanzo.