Kamera ya Filamu Inayojilenga: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaomiliki kamera za filamu zinazojilenga zenyewe, yaani zinazozungusha lenzi zenyewe mpaka picha iwe kali, hasa zile za lenzi za kubadilisha zilizoenea baada ya Minolta kutoa kamera yake ya 7000 mwaka 1985, watuandikie kuhusu mambo yanayowatatiza. Barua nyingi zilitoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi. Nimechagua tano, na mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu kwa sababu matatizo yake ndiyo yanayowafanya watu wengi kuzitupa kamera ambazo bado ni nzima.

Mpendwa Mshauri, marehemu baba yangu alikuwa akipiga picha za harusi hapa Kisumu, na aliniachia Canon EOS 650 ambayo ilikaa kabatini kwa miaka mingi. Nilinunua betri mpya, nikaweka filamu, na kamera ikasikika ikifanya kazi bila shida. Nilipoletewa picha, kumi zilikuwa nyeusi tupu na nyingine zilikuwa na giza lililofunika nusu ya picha. Fundi wa simu aliniambia kwamba imekufa. Je, ni kweli?
*Binti wa mpiga picha, Milimani, Kisumu*

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mzazi, na hongera kwa kuihifadhi kamera yake. Kwa dalili ulizozieleza, kamera haijafa. Huu ni ugonjwa unaojulikana sana katika kamera za Canon za wakati huo, na EOS 650, ambayo ilitoka Machi 1987 ikiwa ya kwanza katika ukoo wa EOS, ni mojawapo ya zinazougua mara kwa mara. Ndani ya shata, yaani pazia la vibamba linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, mna kipande kidogo cha sponji ambacho kazi yake ni kupokea kishindo cha vibamba vinapofika mwisho wa safari yao. Sponji hiyo ikizeeka huyeyuka na kuwa kitu cheusi kinachonata kama lami ya barabarani wakati wa jua kali, nacho hupaka vibamba vya shata. Vibamba vikishagandamana huchelewa kufunguka au havifunguki kabisa, ilhali mota, kioo na kihesabu picha huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu uliisikia kamera ikilia vizuri na bado ukapata giza.

Kabla ya kutumia filamu nyingine, zitazame kwanza negativu zako, yaani filamu yenyewe iliyokwisha kusafishwa. Ikiwa mahali palipotoka peusi kwenye picha ni peupe na pangavu kwenye negativu, basi mwanga haukufika hapo na lawama ni ya shata, wala si ya aliyesafisha filamu. Kisha ondoa lenzi, fungua mgongo wa kamera iliyo tupu, ielekeze dirishani, chagua mwendo wa shata wa 1/2000 ya sekunde na ubonyeze kitufe mara kumi huku ukitazama kwa nyuma. Kila unapobonyeza unapaswa kuona mmweko wa mwanga. Usipouona, au ukiuona mara moja na kuukosa mara mbili, chukua tochi uvikague vibamba kwa karibu, na huenda ukakuta doa jeusi linalong'aa, dogo kama punje ya mtama, limeshika ukingoni.

Doa hilo huondolewa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo sana kwa mafuta ya laita au spiriti safi ya isopropili, kikipitishwa bila kukandamiza, kwa kuwa vibamba ni vyembamba mno na vikipinda havinyooki tena. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda, maana baadhi yake huchanganywa na mafuta yatakayobaki juu ya vibamba. Ukimaliza, bonyeza shata mara hamsini, ukague tena, na usishangae doa likirudi, kwa sababu sponji iliyoyeyuka bado imo ndani. Tiba kamili ni kuifungua kamera na kuyatoa mabaki yote, na hiyo ni kazi ya fundi wa kamera. Fundi wa simu anaweza kuwa stadi katika kazi yake na bado asiwe amewahi kuiona shata ya aina hii, kwa hiyo usimpe aifungue.

Baada ya kupona, itumie. Hata usipokuwa na filamu, itoe kabatini kila mwezi na uibonyeze mara kadhaa, kwani vibamba vinavyosogea mara kwa mara havigandamani kwa urahisi kama vilivyolala kabatini.

Lenzi ya Minolta 7000 yangu huenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta bila kupata ninapowapiga picha wanafunzi waliovaa sweta za shule, na kanisani jioni hushindwa kabisa. Simu yangu hulenga papo hapo. Je, kamera imezeeka macho?
*Mwalimu, Lanet, Nakuru*

Mwalimu, jicho la kamera yako huenda ni zima kama lilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, ila linatazama kwa namna ambayo simu imetuzoesha kuisahau. Simu ya leo hutambua uso wa mtu. Kamera yako haijui uso ni nini. Inachokijua ni mstari, yaani mahali ambapo giza na mwanga hukutana.

Sehemu ya mwanga unaoingia kwa lenzi hupenya katikati ya kioo kikubwa, hupokewa na kioo kidogo kilicho nyuma yake, kisha huelekezwa chini kwenye kihisi kilicho sakafuni mwa kamera. Huko mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi hutenganishwa na ule uliopita upande wa pili, na kamera huzilinganisha taswira mbili zinazopatikana. Umbali kati ya taswira hizo huiambia mota izungushe lenzi kuelekea wapi na kwa kiasi gani. Ili zilinganishwe, sharti ziwe na kitu cha kushika. Sweta ya buluu isiyo na nakshi, ukuta uliopakwa rangi moja, anga tupu juu ya Menengai: vyote hivi haviipi kamera chochote, nayo huzungusha lenzi kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta.

Jaribio lifuatalo litakuonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu. Msimamishe mwanafunzi mmoja mbele yako, elekeza alama iliyo katikati ya kidirisha cha kutazamia kifuani pake penye sweta tupu, ubonyeze kitufe nusu. Lenzi itahangaika. Sasa inua kamera kidogo mpaka alama ikae pale ukosi wa shati jeupe unapokutana na sweta, au kwenye ukingo wa tai, na ubonyeze tena nusu. Lenzi itatulia mara moja na taa ya kijani itawaka ndani ya kidirisha. Ukiendelea kukishikilia kitufe nusu, umbali uliopatikana hubaki ulivyo, nawe unaweza kuirudisha kamera mahali unapotaka, ukapanga picha yako vizuri, kisha ukabonyeza hadi mwisho. Usikiachilie kitufe katikati ya safari hiyo wala usisogee mbele au nyuma, maana umbali utakuwa umebadilika.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi. Kihisi cha kamera hizi za mwanzo ni kimoja tu, kiko katikati, na kimelazwa kwa upana, kwa hiyo huiona vizuri mistari iliyosimama wima na huipuuza iliyolala. Ukiilenga ngazi ya kanisa, waya wa umeme au ukingo wa maji ya ziwa itahangaika, ingawa wewe unaona mstari ulio wazi kabisa. Igeuze kamera isimame kwa upande wake mfupi, bonyeza nusu, na ikishapata irudishe ilivyokuwa bila kuachilia kitufe.

Kuhusu kanisa jioni, mwanga ni hafifu na kihisi cha mwaka 1985 kinahitaji mwanga mwingi kuliko cha leo. Flashi nyingi zilizotengenezewa kamera hizi hutoa miali myekundu gizani ili kamera ipate cha kushika, na ukiwa na flashi ya aina hiyo iweke hata ukikusudia kuwapiga walio karibu tu. Usipokuwa nayo, zima kujilenga na uzungushe lenzi kwa mkono. Wakati wa ibada mimi huona njia ya mkono ni ya heshima zaidi, kwa kuwa haimulikii waumini taa nyekundu usoni.

Nina umri wa miaka 22 na nataka kununua kamera yangu ya kwanza ya filamu. Kaka yangu ana lenzi za kamera ya kidijitali. Ninunue ipi, na nitajuaje kama ni nzima?
*Kijana wa Kakamega*

Anza kwa kuangalia betri, ndugu yangu, kabla ya kuangalia jina. Kamera hizi bila umeme hazifanyi lolote, hata shata haifunguki. Canon nyingi za miaka hiyo hutumia betri ya volti 6 iitwayo 2CR5, ambayo huwezi kulitegemea duka la mtaani kuwa nayo, na ikikuishia siku ya sherehe huna msaada. Nikon F801 na F90 hutumia betri nne za ukubwa wa AA, ambazo hupatikana hata kibandani kando ya barabara. Kwa mtu anayeishi mbali na maduka ya vifaa vya picha, jambo hilo peke yake lingenifanya nichague Nikon mojawapo kati ya hizo.

Hata hivyo lenzi za kaka yako zinaweza kubadilisha uamuzi. Zikiwa Canon za aina ya EF zitafanya kazi katika EOS yoyote ya filamu, lakini za EF-S na RF hazifai. Zikiwa Nikon mambo ni magumu zaidi. Lenzi zenye mota yake ndani, ziitwazo AF-S, hujilenga katika F90 lakini si katika F801. Za AF-P hazijilengi katika yoyote kati ya hizo mbili, na za DX huacha giza pembeni mwa picha.

Ukiikuta kamera sokoni, nenda na betri zako. Saa sita mchana jua likiwa wazi, weka kasi ya filamu 200 na uelekeze kamera kwenye nyasi zilizopigwa jua. Ikipima vizuri itakupa mwendo wa shata wa karibu 1/250 kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, au 1/1000 kwa f/8, tundu likiwa kubwa zaidi, ambavyo ni kipimo kilekile. Ikikupa kitu kilicho mbali sana na hapo, irudishe kwa mwenyewe na umshukuru. Ngozi ya mpira mgongoni mwa Nikon za miaka hiyo mara nyingi hunata kwa uzee. Kasoro hiyo husafishika kwa spiriti, na inaweza kukusaidia kupunguziwa bei.

Mtoto alifungua mgongo wa Canon EOS 500 nikiwa nimeshapiga picha ishirini za mazishi ya mjomba. Je, zote zimepotea?
*Mzazi, Bungoma*

Pole sana kwa msiba. Kuna habari njema: EOS 500 huivuta filamu yote nje ya kopo unapoiweka, kisha huirudisha ndani picha moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu kihesabu chake huhesabu kwa kurudi nyuma. Picha ulizokuwa umekwisha kupiga zilikuwa salama ndani ya kopo mgongo ulipofunguliwa. Moja au mbili za mwisho huenda zimeungua. Irudishe filamu yote ndani na uipeleke isafishwe. Wasomaji wengine wasichukulie hivi kwa kamera zote, kwa maana EOS 650 na nyingi nyinginezo huacha picha zilizopigwa nje ya kopo, na hizo mwanga huziharibu.

Naishi karibu na ziwa, na ndani ya lenzi yangu pameota kitu kama utando wa buibui. Pia naomba kujua namna ya kutunza filamu katika joto la huku.
*Msomaji, Homa Bay*

Hiyo ni kuvu, na huota pale penye unyevu, giza na hewa isiyotembea. Mkoba wa ngozi ndio nyumba yake inayoipenda, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Itoe lenzi humo, iweke katika chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, na uvibadilishe au kuvikausha vinapolowa. Iliyokwisha kuota ndani haifutiki kwa nje. Ikiwa ni nyuzi chache pembeni, endelea kupiga picha, lakini usiihifadhi pamoja na lenzi safi.

Filamu za rangi ambazo hujazitumia ziweke kwenye friji zikiwa katika makopo yake ya plastiki yaliyofungwa, na unapozitoa zisubiri kama saa moja kabla ya kufunguliwa ili zisitokwe na jasho. Niliwahi kuiacha filamu iliyopigwa nusu ndani ya gari lililoegeshwa juani kutwa nzima, na picha zikarudi na rangi zilizofifia zenye wekundu wa ajabu. Tangu hapo kamera yenye filamu hutembea nami. Ukishamaliza kupiga, usikae nayo miezi, na ukiituma Nairobi kwa basi kusafishwa, iweke ndani ya kopo lake la plastiki na uandike kwa kalamu juu yake tarehe na mahali. Ukisafiri kwa ndege kutoka Kisumu, omba filamu ikaguliwe kwa mkono, na kamwe usiiweke ndani ya mzigo unaopakiwa chini ya ndege, kwa sababu miale ya kukagulia mizigo hiyo ni mikali na huiharibu filamu ambayo haijasafishwa.