Kuinyima kwinoa maji ili protini ipande: niliyoyaona shambani kwangu Kikwe

Mkuu, umesema una nusu eka huko Kahe, umepata mbegu ya kwinoa (ile nafaka ndogo ya asili ya Amerika Kusini), na mteja wako wa unga wa lishe pale Moshi mjini anataka punje yenye protini nyingi. Umesikia kwamba kwinoa ikikosa maji protini inapanda, na unauliza kama uikatie maji makusudi. Waliotangulia kujibu wamekwambia kata. Mimi nakusihi usikate, na nitaandika kirefu kwa sababu nilishafanya hivyo.

Nalima Kikwe, chini ya Usa River, kwa maji ya mfereji. Mwaka ule nilipanda mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha na udongo bado una unyevu. Agosti kwinoa ilipokuwa inachanua, mto ulikuwa umepungua na zamu yangu ya maji ikasogea kutoka kila wiki hadi kila baada ya wiki tatu. Maji hayakutosha shamba zima. Nikayapeleka yote kwenye matuta ya juu, ya chini nikayaacha, tena bila wasiwasi, maana na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba kiu inaongeza protini.

Tulipopura mwishoni mwa Septemba, tofauti ilionekana kabla ya kipimo chochote. Mbegu ya juu ilikuwa nene, bapa, ukiimimina kwenye ungo inatoa mlio. Ya chini ilikuwa nyepesi, imekunjamana, na mke wangu alipopepeta, upepo ulibeba nyingi pamoja na makapi. Nilipoipitisha kwenye chekeche la unga, punje zilizosinyaa zilidondoka chini kama vumbi. Nilisimama pale naangalia jasho la miezi minne likipita kwenye matundu.

Nikapeleka sampuli mbili maabara. Hapa naomba uwe makini, kwa sababu nilikosea na kosa lenyewe ni rahisi kulirudia. Mbegu ya chini ilikuwa imeanikwa siku nyingi, ya juu ilikuwa bado na unyevu. Majibu yakaja na pengo kubwa, nikashangilia. Mtaalamu wa pale ndiye aliyeniuliza kama zote zilikuwa kavu sawa. Protini hupimwa kwa njia ya Kjeldahl, ambayo imekuwepo tangu 1883: wanapima naitrojeni iliyomo, ambayo ni sehemu ya kila protini, kisha wanazidisha, mara nyingi kwa 6.25. Maji yaliyomo kwenye punje yanaongeza uzito lakini hayana naitrojeni. Punje ambayo ikiwa kavu kabisa ina protini asilimia 14, ukiipima ikiwa na unyevu wa asilimia 14 itasoma kama 12 tu. Pointi mbili zimepotea na protini iko palepale! Nikakausha zote sawasawa, tukarudia. Mbegu ya kiu bado ilikuwa juu, ila kidogo tu.

Kwa hiyo waliokwambia asilimia inapanda hawakudanganya. Tatizo ni kwa nini inapanda.

Chukua punje chache uzichemshe dakika 15, kisha uzimwage kwenye sahani yenye rangi nyeusi. Kila punje itakuwa imeachia kiuzi cheupe kilichojikunja kama mkia. Hicho ndicho kiinitete, yaani mche mchanga uliolala ndani ya mbegu, na kwenye kwinoa kimeizunguka punje pembeni kama pete. Mchicha nafaka nao uko hivyohivyo, ni ndugu wa ukoo mmoja. Sehemu kubwa ya protini imo kwenye ile pete. Katikati ya pete kuna akiba ya wanga.

Sasa wanga huo unatokana na sukari ambayo majani yanaitengeneza siku zilezile punje inapojaa. Mmea ukipata kiu unafunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, hewa ya kaboni haiingii, sukari inapungua. Naitrojeni yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilishaingia mmeani mapema. Imekaa kwenye majani, na majani yakianza kuzeeka inahamia kwenye punje. Kiu ya mwishoni inaweza hata kuharakisha kuzeeka huko. Matokeo yake pete inapata karibu haki yake yote, lakini tumbo la punje linabaki tupu. Asilimia inapanda kwa sababu wanga umepungua. Mmea haujakutengenezea protini ya ziada.

Piga hesabu ya nusu eka yako kwa mfano tu. Ukivuna kilo 400 zenye protini asilimia 14, una kilo 56 za protini. Ukiinyima maji ukavuna kilo 250 zenye asilimia 16, una kilo 40. Mteja wako ataona namba nzuri kwenye karatasi, wewe umepoteza kilo 150 za mbegu, na watoto wanaosubiri uji huo wamepoteza kilo 16 za protini. Hilo la watoto linaniuma zaidi, kwa sababu ndio tunaolimia.

Jambo jingine ambalo halisemwi kwenye mijadala hii ni kwamba kiu ya mapema si sawa na kiu ya mwishoni. Naitrojeni ya udongoni inafika kwenye mizizi ikiwa imeyeyuka kwenye maji. Ukiikausha kwinoa ikiwa bado ndogo, samadi na mbolea vitakaa pale vikikutazama, mmea hautavuta. Ukija kuvuna unaweza kukuta umekosa mavuno na asilimia yenyewe haijapanda. Na upande wa pili, wewe wa Kahe mwenye udongo mzito, ukiifurikisha kama mpunga mizizi itakosa hewa na majani yatageuka njano. Kwinoa inavumilia ukame, haivumilii kusimama kwenye maji.

Najua utaniambia Bolivia wanailima kwenye ukame. Ni kweli, kusini mwa nchi ile kuna sehemu zinazopata mvua chini ya milimita 300 kwa mwaka na bado wanavuna. Lakini wanapanda kwa nafasi kubwa, mavuno yao kwa eneo ni madogo, na aina zao zimezoea kule kwa vizazi na vizazi. Hata huko, utafiti wa umwagiliaji haba uliofanywa kwenye nyanda za juu haukusema nyima. Ulisema kama maji ni machache, yatunze kwa ajili ya kuotesha, kuchanua na mbegu inapoanza kujaa. Hapo katikati, majani yakilegea kidogo mchana na kurudi jioni, mmea unavumilia.

Kuhusu ubora, mwambie mteja wako asikazanie asilimia peke yake. Protini ya akiba ya mahindi kwa sehemu kubwa ni zeini, ambayo karibu haina kabisa laisini (kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea), na laisini ndiyo inayokosekana kwenye uji wa dona mtupu. Kwinoa akiba yake ni protini za aina nyingine, globulini na albumini, zenye laisini ya kutosha. Hiyo ndiyo thamani yake kwenye unga wa lishe, na punje iliyojaa vizuri inayo tayari. Pia mwombe asikoboe kupita kiasi kuondoa uchungu. Uchungu unatokana na saponini za ganda la nje na unatoka kwa kuoshwa hadi povu liishe. Akikoboa kwa nguvu anakwangua ile pete iliyo pembeni, na protini inaondoka na pumba.

Ukitaka protini ipande kweli, anzia kwenye naitrojeni. Mimi siku hizi naipanda pale palipotoka maharage, naweka samadi iliyooza vizuri, na naongeza mbolea kidogo kabla haijachanua, udongo ukiwa na unyevu. Kidogo, kwa sababu ukizidisha itarefuka na kulala. Halafu linda kuchanua. Kahe kuna joto kuliko kwetu, na joto likizidi nyuzi 35 wakati wa maua mbegu hazifungi vizuri hata ukiwa na maji. Panda ili ichanue Julai au Agosti. Nenda mapema kwa mwenyekiti wa mfereji, mweleze kwamba wiki zako za lazima ni zile za maua na za mbegu ikiwa na maziwa. Ukimfuata kwa heshima kabla ya msimu anakusikiliza kuliko ukienda kulalamika Agosti.

Maji uyakate pale tu punje ikigoma kubonyea kwa ukucha. Toka hapo maji ni adui, kwa sababu kwinoa iliyokomaa ikilowa huchipua ikiwa juu ya shuke, na ikichipua inaanza kuvunja protini iliyojiwekea. Uvune kabla vuli haijaanza, uanike kwenye turubai, usianike chini.

Na ukipeleka sampuli maabara, chota kwenye matuta mengi uchanganye, usichague punje nzuri. Zianike zote siku moja mahali pamoja, uzifunge kwenye chupa kavu, uandike juu yake tarehe ya maji ya mwisho, na umwambie mpimaji akupe majibu kwa uzito mkavu.