Mama hakutoa nguo kwenye begi

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ukipewa siku kumi za kustarehe bila haraka, utapita vituo gani, na utalala spa ipi?" Nililisoma Jumatatu nikiwa kwenye daladala, na mpaka leo halijanitoka kichwani. Naomba radhi mapema, Mhariri, maana sitajibu vituo gani. Nitajibu vituo vingapi, na nani alale juu ya kile kitanda cha kukandwa.

Kwanza niseme ninavyoona mimi. Watu wa Pwani hatukufundishwa starehe ya mwili na hoteli. Mimi ni wa Tanga, Ngamiani. Utotoni tulipelekwa Amboni kuoga maji moto yanayonuka kiberiti, wenye upele na wenye maumivu ya viungo wote pamoja, na hakuna aliyetupa taulo jeupe. Unguja mjini kuna mtaa mzima unaitwa Hamamni, kwa sababu ya hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya umma iliyojengwa enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Na singo, ule mchanganyiko wa maua na liwa wa kusugulia mwili, tumeikuta kwa mabibi zetu. Kwa hiyo nikiona bakuli la singo limeandikwa bei ya dola, roho yangu inakataa. Wanatuuzia vya kwetu.

Lakini acha nieleze safari ya Agosti 2022, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mama yangu ni kungwi. Amewasinga mabibi harusi wa Ngamiani kwa zaidi ya miaka thelathini. Liwa, kile kipande cha mti wenye harufu nzuri, anaisugua mwenyewe juu ya jiwe kwa marashi mawaridi, na kidole gumba chake cha kulia siku hizi hakikunji sawasawa kwa ajili ya kazi hiyo. Nilipolipwa malimbikizo yangu ya mshahara nikasema, mwaka huu mama atatembea kama mke wa mfalme. Siku nane, vituo vitano: Mji Mkongwe, Nungwi, Matemwe, Paje, kisha ndege ndogo ya Pemba. Niliichapa ratiba kwenye karatasi, na saa za kuondoka nimezikolezea wino.

Mji Mkongwe tulilala usiku mmoja. Njiani kwenda Nungwi tukasimama Kidichi, kwenye hamamu ambayo Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Ratiba ilisema dakika ishirini. Mama alisimama chini ya kuba, akaangalia maua na tausi waliochongwa kwenye lipu, akamuuliza mtembezaji wageni, "Na aliyekuwa akimkanda huyo bibi ni nani?" Kijana akasema hilo halijui. Mama alitaka kuendelea kuuliza. Mimi nikawa naangalia saa, dereva anatusubiri.

Matemwe, siku ya nne, niliona mama anavaa dira lilelile la jana. Nikamuuliza mbona hatoi nguo. Akasema, "Nitatoa tukifika."

"Mama, tushafika."

"Si kesho tunaondoka?"

Sikuwa na jibu. Bahari iko hapo mlangoni, chumba kizuri, vitambaa vyeupe vinapepea, na mama yangu amekaa ukingoni mwa kitanda na begi lake limefungwa zipu, kama abiria wa stendi.

Paje ndiko nilikolipia spa. Chumba cha makuti, udi umefukizwa, sakafu baridi. Binti aliyetupokea alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwenyeji wa Makunduchi. Akamwamkia mama, akamvua viatu, akaleta bakuli. Mama akainama akanusa. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akasugua nyuma ya mkono wake, akanusa tena.

"Mwanangu, hii imelala."

Binti akainamisha macho. Akasema singo inakuja tayari kwenye makopo, wao kazi yao ni kuongeza marashi tu, na kwamba hata bibi yake nyumbani haikubali singo iliyolala. Mama hakugomba. Aliuliza kama kuna asumini. Ipo, ukutani nyuma ya jiko. "Basi ichume leo alasiri ingali imefumba, usiku itafumbuka yenyewe ndani ya bakuli. Langilangi je? Waridi? Na liwa, una ya kipande au ya unga?"

"Ya kipande ninayo nyumbani, bibi."

"Kesho, inshallah."

Kesho ilikuwa siku ya Pemba. Nikamwonyesha mama karatasi. Akaichukua, akaikunja mara mbili, akairudisha kwenye pochi yangu. Nikapiga simu Pemba kuahirisha. Amana yangu haikurudi.

Asubuhi yake, kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, tuliteremka ufukweni maji yalipokupwa. Ilikuwa bamvua, bahari imekwenda mbali, na wanawake wa mwani walikuwa wameinama kwenye kamba zao. Mama alikaa na mmoja aliyekuja juu kupumzika, wakazungumza kama walioolewa nyumba moja. Mwanamke huyo alianza kilimo cha mwani kilipoingia pwani ile mwaka 1989. Alisema mwani mnene, wenye bei, unakufa kwa joto la maji, wamebaki na mwembamba, na baadhi yao sasa wanatengeneza sabuni ya mwani na karafuu. Mama alinunua vipande sita. Saa mbili nzima zilipita, na sikuangalia simu.

Alasiri tukarudi kwa binti. Mama alikaa kwenye kiti akamwelekeza: maji kidogo, usitwange, saga, sasa nusa. Kisha akalala.

Hapa nataka muone nilichokiona. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Binti alianza na miguu, na kila alipotaka kuinua mguu, mama aliuinua mwenyewe kabla hajaguswa. Wa kulia, akauinua. Wa kushoto, akauinua. Mkono, akaunyoosha tayari. Miaka yote yeye ndiye mwenye kuinua viungo vya watu. Binti akamwambia taratibu, "Bibi, niachie mimi." Ilimchukua muda. Nikaona ule mguu unaanza kuwa mzito, kidogo kidogo, mpaka kisigino chenye nyufa kikalala chote kwenye kiganja cha yule binti, na singo ya njano ikiingia kwenye zile nyufa. Hakuna aliyesema neno. Nilitoka nje nikalia.

Usiku mama aliniambia kwamba mara ya mwisho mtu kumsinga ilikuwa 1974, siku ya harusi yake. Kisha akafungua begi, akatoa madira yake yote manne akayatundika. Tulikuwa tumebakiza siku mbili.

Sasa nikisoma nilichoandika pale juu, naona siwezi kukisimamia chote. Nilisema mambo haya ni ya kwetu, ya nini kulipa hoteli. Mwaka uliofuata mimi na dada yangu tulijaribu kumfanyia nyumbani. Mama alilala dakika tano, jirani akapiga hodi kuulizia hina ya mwali wake, mama akainuka na singo mgongoni kwenda kumjibu. Nyumbani kwake hawezi kulala. Ilihitaji chumba cha ugenini, mlango unaofungwa, na bili iliyokwisha kulipwa, ndipo akubali kwamba zamu ni yake. Na yule binti ana mikono, tena anaishi kwa mikono hiyo. Makopo ndiyo yanayoniudhi, binti hana kosa.

Basi jibu langu, baada ya kuzunguka kote huku: ningelipa, hata kwa dola. Siku kumi ningezigawa vituo viwili. Usiku nne Mji Mkongwe, ili Kidichi tuende asubuhi na kurudi tukichoka wenyewe, na Hamamni tuende kwa miguu. Halafu usiku tano Paje, bila kuhama chumba.

Ila msinifuate kichwa kichwa. Masika msiende, Aprili mvua ya Unguja itawafungia ndani. Angalieni mwezi wa angani kabla ya kulipia, maana mkifika siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, hamtawakuta wanawake wa mwani wakifanya kazi kama nilivyowakuta mimi. Ulizeni kwa simu, kwa Kiswahili, kama singo inasagwa siku ileile. Wakisita kujibu, tafuteni pengine. Msiweke miadi ya spa siku ya kufika, mwili unakuwa bado uko kwenye boti. Na kama fedha inamtosha mtu mmoja tu, muulizeni nani katika nyumba yenu huwa anawakanda wengine.

Mama ametimiza miaka sabini, magoti yanamsumbua, na ngazi za boti ya Dar atazipanda kwa kushikwa mkono. Nimeomba likizo Julai. Paje nimeshalipia, na yule binti bado yupo, nimempigia. Pemba nimeiandika pembeni ya karatasi kwa penseli, usiku mmoja tu. Sijui kama nitaifuta.