Mpwa Wangu Anataka Spider-Man, Nianze na Kitabu Kipi?

Shikamoo anti. Mpwa wangu wa kike ana miaka 13, ndiyo kwanza kaingia kidato cha kwanza. Filamu za Spider-Man kazimaliza zote, sasa anataka vitabu. Nikaenda kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, nikamchukulia matoleo sita kwa buku mbili mbili. Kasoma mawili, mengine kanirudishia: “Mjomba, humu kila mtu anamjua mwenzake, mgeni ni mimi tu.” Rafiki yangu anasema nimtafutie toleo la kwanza kabisa. Mwingine anasema nimpe Black Panther, kwa sababu ni Mwafrika. Nifanyeje?
— Mjomba Mtu, Tabata

Marahaba, baba. Vijitabu hivyo vya Marekani hutoka kila mwezi, kurasa ishirini na kitu za hadithi, na kisa kimoja hukatwakatwa kikaenea matoleo matano, sita. Ulichofanya ni kumwashia mtoto tamthilia katikati ya msimu wa tatu. Ukirudi Posta, usiulizie matoleo. Ulizia kitabu kimoja kilichokusanya kisa kizima, na kabla hujatoa hela kifungue. Kwenye kona za visanduku vya picha utaona vinyota vidogo vinavyokwambia kwamba jambo hili lilitokea toleo namba fulani la kitabu kingine. Vikiwa vingi kurasa za mwanzo, kirudishe kwenye turubai hata kama jalada linawaka. Halafu tazama mwisho: kama stelingi bado ananing'inia ghorofani, ujue unauziwa na cha pili.

Hilo la toleo la kwanza lina ukweli nusu. Spider-Man alianza Agosti 1962 katika Amazing Fantasy namba 15, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, na habari yote, toka kuumwa na buibui hadi kuuawa kwa mjomba wake, ilikwisha kwa kurasa 11. (Pole, baba, wajomba kwenye hadithi hizi hawadumu.) Kisa ni kitamu, ila katuni za miaka ile zina maneno! Mtu anarusha ngumi huku anakueleza kwamba anarusha ngumi. Kama mpwa wako ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, atachoka mapema. Mtafutie Ultimate Spider-Man iliyoanza mwaka 2000: Brian Michael Bendis kaandika, Mark Bagley kachora. Wao walianza upya kabisa, kisa kile cha kurasa 11 wakakivuta hadi matoleo saba, na watu wanaongea kifupi kifupi, kama wanafunzi wanavyoongea.

Lakini ungenisikiliza mimi, ningemtangulizia Ms. Marvel ya 2014, ya G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona. Msichana anaitwa Kamala Khan, ana miaka 16, Mwislamu, anaishi Jersey City na wazazi waliotoka Pakistan. Kitabu kinapofunguka yuko dukani, kainamia sandwichi ya nyama ya nguruwe. Haili. Anainusa tu, na wenzake wanamshangaa. Binti wa Tabata hahitaji kuelezwa hapo kuna nini. Baba yake anamkatalia kwenda pati ya usiku, anatoroka kwa dirishani, na usiku huo huo ndipo nguvu zinamkuta. Kitu cha kwanza anachogeuka ni mzungu wa nywele za dhahabu, nakala ya shujaa anayemhusudu, kisha anagundua kwamba umbo lile halimkai. Sijaona shujaa anayekaribisha msomaji mgeni vizuri kama huyu. Spider-Man atasubiri.

Black Panther ya Ta-Nehisi Coates, ya 2016, naipenda sana. Ila huyo Black Panther ni mfalme, na unamkuta tayari raia wake wanamwasi, na mwandishi hana haraka ya kukwambia nani ni nani. Msomaji akipotea, Uafrika wa shujaa haumwonyeshi njia. Civil War, ile ya mashujaa kupigana wao kwa wao, achana nayo kwa sasa: matoleo ya msingi ni saba, vipande vyake vingine vimetapakaa kwenye vitabu vya mashujaa chungu nzima. Na Watchmen ukiiona, ichukue ukasome wewe. Ni katuni, ndiyo, lakini ina ukatili na mambo ya chumbani, si ya miaka 13.

Anti, mimi ni mtu mzima, nimekua na Sani, akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Hawa wa Marekani sijawahi kuwagusa. Nitajie kimoja tu.
— Baba Mzima, Temeke

Batman: Year One, ya 1987. Frank Miller kaandika, David Mazzucchelli kachora, matoleo manne tu, yakiisha yameisha. Usidanganywe na jina, mwenye hadithi hasa ni Gordon, polisi aliyehamishiwa mji ambao askari wenzake wanakula rushwa mchana kweupe. Anakataa, wanamvizia usiku wamefunika nyuso na kumpiga kwa virungu. Popo mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza kazi, na anakung'utwa vibaya. Muuzaji atakwambia kuna Year Two. Ipo kweli, ya mwaka huo huo, lakini mwandishi ni mwingine. Hela yake kalie chipsi mayai.