Mnaanza na mashine, ufunguo mnaukumbuka mwisho

Wiki hii karibu maswali yote ni ya Azure Virtual Desktop, huduma ya Microsoft ya desktopu zinazoishi kwenye mashine za mtandaoni; swali lenu linatangulia, jibu langu linafuata. Mengi nishayajibu huko nyuma ila nayarudia kwa sababu watu wanaendelea kuumia, hasa kwenye hili la ufunguo wa enkripsheni, ule unaofunga data za diski.

Kaka, mashine zinagoma kujitengeneza, naomba msaada wa haraka.

Zinagomaje? Zinaandika nini? Nishaomba mara ngapi jamani, erori mnaikopi yote mpaka mwisho, msinitumie picha ya alama nyekundu. Bila yale maneno sina pa kuanzia.

Nimeagiza mashine 12, zimetoka 11, ya mwisho inakataa kila nikirudia. Sabneti (kipande cha mtandao zinapokaa mashine) ni /28.

/28 ni anwani 16, Azure inachukua 5 zake, zinabaki 11. Tengeneza sabneti kubwa, na uhesabu na mashine za mwakani.

Mashine zote zinaishia VMExtensionProvisioningError zikifika kwenye kujiunga na domeini (mfumo wa ofisi wa kusimamia akaunti na kompyuta). Nimefuta na kuanza upya mara nne.

Acha kufuta kwanza. Hilo jina ni la juu tu, sababu yenyewe iko ndani, fungua maelezo ushuke mpaka chini utaikuta imeandikwa. Mimi naanzaga na DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani. Mtandao wako ukiwa bado unatumia DNS ya Azure yenyewe, hiyo haiijui domeini ya ofisi yenu, mashine inaulizia seva ya domeini iko wapi haipati jibu, basi imeishia hapo. Weka anwani za seva zenu za domeini kwenye mtandao, ziristati mashine ndo zichukue mabadiliko, afu ingia kwenye mojawapo upige nslookup (amri ya kuiuliza DNS) ya jina la domeini. Ikijibu na bado inagoma, rudi kwenye akaunti: labda paswodi imeisha muda, labda haina ruhusa ya kuingiza kompyuta kwenye hiyo OU (folda ya domeini mnamoweka kompyuta). Na nawaomba sana, msitumie akaunti ya adimini mkuu kwa kazi hii, tengenezeni moja ya kujiunga tu na ruhusa zake ziishie hapo.

Mashine imewaka vizuri lakini haionekani kwenye kundi lake la mashine (host pool).

Soma logi ya ajenti (programu ndani ya mashine inayoiunganisha na huduma), ukikuta INVALID_REGISTRATION_TOKEN basi tokeni ya kuisajili mashine imekufa. Muda wake mrefu kabisa ni siku 27, na watu wanaihifadhi kwenye skripti miezi. Toa mpya.

Tunataka kutumia ufunguo wetu wenyewe kwenye diski. Key Vault (kabati la Azure la kutunza funguo) iko West Europe, mashine tumeziweka South Africa North, seti ya enkripsheni (inayounganisha diski na ufunguo) inakataa.

Lazima ikatae dada yangu, Key Vault na seti ya enkripsheni vinatakiwa viwe kanda moja. Tengeneza Key Vault nyingine hukohuko South Africa North, washa kinga ya kufutwa kabisa (bila hiyo hupiti, na ukishaiwasha haizimiki tena), afu ile seti yenyewe uipe ruhusa ya Key Vault Crypto Service Encryption User. Wengi wanajipa ruhusa wao, seti wanaisahau, afu wanasema Azure mbovu.

Jumatatu tumefika ofisini tukakuta desktopu zote zimezima na haziwaki. Hakuna aliyegusa kitu. Ufunguo ni wetu wenyewe.

Angalia tarehe ya ufunguo kuisha muda, sasa hivi, kabla ya kitu kingine. Ufunguo ukiisha muda, ukizimwa au ukifutwa, mashine zote zinazoutegemea zinajizima na haziwaki mpaka ufunguo urudi. Nimewahi kuitwa ofisi moja kwa shida hiihii, aliyeweka ile tarehe alishaacha kazi, na ruhusa ya kuisogeza alikuwa nayo yeye peke yake, watu walikaa siku nzima bila kazi huku data zao zipo salama kabisa, hazifunguki tu. Sogeza tarehe mbele, washa mashine. Ukikuta umefutwa usikate tamaa, unarudishwa ndani ya siku 7 mpaka 90 kutegemea mlivyoweka, ila siku zikipita hakuna wa kumpigia simu, hata Microsoft hawana nakala. Kwa hiyo watu wawili wawe na ruhusa, tahadhari ya kuisha muda iende kwenye email ya timu, siyo ya mtu mmoja, na mkibadilisha ufunguo msilizime toleo la zamani siku hiyohiyo.

Sisi tuko 15 tu, ni lazima tuwe na ufunguo wetu?

Hapana. Diski zinafungwa kwa enkripsheni ya AES ya biti 256 tangu mwanzo kwa ufunguo wa Microsoft, hamgusi kitu. Kama hamna mkataba au sheria inayowadai, na hamna mtu wa kuulinda huo ufunguo, acheni hivyohivyo.