Riwaya za kale za kisayansi: uanze na ipi?

Ndugu muulizaji, umeuliza iwapo riwaya za kisayansi ulizozisoma ujanani zinastahili kurudiwa, ilhali sayansi yake imekwisha kupitwa na wakati. Ningekushauri uanze na The War of the Worlds ya H. G. Wells, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898, kwa kuwa thamani yake kubwa haimo katika mashine za viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza. Katika sura ya kwanza kabisa, kabla ya kuwahukumu wavamizi, msimulizi anawakumbusha wasomaji wake jinsi Watasmania, wenyeji wa kisiwa cha Tasmania kilicho kusini mwa Australia, walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Ukiyasoma hayo ukiwa mtu mzima, hasa ikiwa umetoka katika nchi iliyowahi kutawaliwa, utaona kwamba London inayokimbiwa na wakazi wake inaonjeshwa yale ambayo dola yake iliwatendea wengine. (Ujanani wengi huiruka sura hiyo ili waifikie vita upesi.)

Baada ya hapo chukua Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818, na uvumilie barua ndefu za mwanzoni. Kiumbe anayeundwa na mwanasayansi Frankenstein, ambaye filamu nyingi zimemfanya karibu bubu, humu anajieleza kwa ufasaha na kumdai muumba wake wajibu alioukimbia, dai linalowahusu moja kwa moja watengenezaji wa akili bandia.

Twenty Thousand Leagues Under the Seas ya Jules Verne inaweza kusubiri, isipokuwa kama unafurahia orodha ndefu za samaki.