Kabla ya kumuuliza mtu habari za siri zake

Ninawaandikia vijana mnaoanza kazi ya utafiti wa magonjwa ya zinaa, kwa sababu lipo jambo ambalo nililijua kwa kuchelewa: jibu la "hapana" kwenye dodoso laweza kuwa limetoka kwa mtu mgonjwa kabisa, na kosa likawa la aliyeuliza.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikikusanya takwimu kwenye mialo ya Ziwa Victoria. Siku moja nilimhoji mama mmoja uani kwake huku akigeuza dagaa juani, na mama mkwe wake amekaa hatua chache kutoka tulipokuwa. Nilimsomea maswali kama yalivyoandikwa. Umewahi kuugua ugonjwa wa zinaa katika miezi 12 iliyopita? Hapana. Umetokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni? Akamtupia jicho mkwewe, akasema hapana. Nikashukuru, nikaaga. Siku tatu baadaye nilimkuta kwenye benchi la zahanati, ameinama, mkono chini ya kitovu, akimweleza muuguzi kwamba anasumbuliwa na chango, yaani maumivu ya chini ya tumbo, tangu msimu wa kupalilia. Chango, kwa ufahamu wake, halikuhusiana na zinaa hata kidogo. Kwa hiyo hata kama tungekuwa wawili tu, swali langu lisingemfikia.

Tangu siku hiyo sianzi mahojiano kabla ya kupata mahali ambapo hakuna anayetusikia, hata ikibidi kuahirisha hadi kesho yake, na sianzi kazi katika kijiji kipya kabla ya kukaa na wakunga na wahudumu wa afya wa hapo wanifundishe majina: nani husema gono, nani husema mtoki, nani husema chango. Msione kuwa huko ni kupoteza muda.

Uzito wa kazi hii umeonekana hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti mkoani Mwanza walilinganisha jamii 12 za vijijini. Katika 6 kati ya hizo, wahudumu wa vituo vilivyokuwapo walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa kuwapo, na usimamizi ukafanyika mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika jamii hizo. Miaka minne baadaye, utafiti wa Rakai, Uganda, ambako watu wazima katika jamii zilizoteuliwa walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kwa vipindi bila kujali dalili, haukuonyesha kupungua kwa VVU. Wataalamu wamejadili sana sababu za tofauti hiyo. Mimi nawasihi msome tafiti zote mbili pamoja, msichague ile inayowapendeza.

Kutibu kwa dalili nako kuna mpaka wake. Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawasikii maumivu wala hawaoni uchafu wowote, ilhali maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Hao hupatikana kwa vipimo tu, na vipimo vinahitaji ridhaa. Msimpe mtu fomu ya ridhaa asaini kwa haraka. Mwombeni aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Mtu akihofia damu inayochukuliwa kwa vipimo vingine, kama cha VVU, mwonyesheni chupa yenyewe na mwambieni kwamba mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, kwani hofu hiyo haiondoki kwa kukaripiwa.

Majibu nayo yarudishwe kwa mwenyewe, si kwa mumewe wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Yule mama wa dagaa alitibiwa, lakini mumewe alikuwa visiwani akivua, na bila yeye kutibiwa angeambukizwa tena. Muuguzi alimpa mama kadi ya mwaliko yenye namba na tarehe pekee, pasipo jina la ugonjwa, akamwahidi kwamba zahanati itamsubiri mumewe saa yoyote atakayorudi. Alikuja wiki ya pili, magharibi ikiingia, wagonjwa wengine wakiwa wamekwisha kuondoka, kadi ameikunja ndani ya kofia yake.